Mama Deki Anajibu: Jani la Kijani Halideki Sakafu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwenye majengo ya biashara: ofisi, maduka, hoteli ndogo. Nimefurahi, maana huko ndiko nilikolia na kucheka maisha yangu yote ya kazi. Nilianza na dekio kwenye ofisi za mtaa wa Samora, leo nasimamia timu ya usafi ya jengo la ghorofa kumi hapahapa mjini Dar es Salaam. Barua ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Mama Deki, mimi ni meneja wa jengo la ofisi. Tumepata mpangaji mpya, shirika la kimataifa, na kwenye mkataba wanataka tuwe na mpango wa usafi usiodhuru mazingira. Msambazaji wetu ameleta orodha ya dawa zenye jani la kijani kwenye lebo, bei karibu mara mbili ya tunazotumia. Mkurugenzi ameguna. Ninunue zipi?
*Meneja, Posta*

Kaka meneja, usinunue kitu kwanza. Chukua funguo za stoo, mwite msimamizi wako wa usafi, mtoe kila dumu na kila chupa mzipange sakafuni. Nitashangaa msipokuta dawa tatu za sakafu zinazofanya kazi ileile, moja ya waridi, moja ya bluu, moja ya kijani. Chupa mbili zisizo na lebo ambazo hakuna anayekumbuka zilifikaje. Na dawa ya kunukisha hewa ya kutosha Uwanja wa Mkapa. Jengo la ofisi la kawaida linaendeshwa na vitu vichache: sabuni ya maji isiyo kali kwa sakafu na meza, asidi nyepesi kwa magaga ya chooni (yale madini ya njano yaliyoganda), dawa ya kuua vijidudu kwa sehemu chache zinazohitaji, na maji. Vilivyobaki ni mapenzi ya msambazaji.

Ukishamaliza stoo, nenda mlangoni. Uchafu mwingi wa ofisi hauzaliwi ndani, unaingia na viatu, na viatu vya mji huu unajua vinabeba nini: mchanga wakati wa kiangazi, tope masika. Mchanga huo ndio unaokwangua sakafu ya terazo mpaka mng'aro wake unakufa. Mng'aro ukifa mnanunua nta ya kuurudisha. Nta ikizeeka inakuwa ya njano, mnanunua dawa ya kuibandua, na dawa hiyo ya kubandulia nta ni miongoni mwa vitu vikali kuliko vyote mtakavyowahi kuweka stoo. Safari yote hiyo imeanzia kwenye soli ya kiatu cha mgeni. Wanaotoa LEED, cheti cha majengo yasiyodhuru mazingira, kule Marekani wanataka kapeti ya mlangoni isipungue urefu wa mita 3 kufuata njia anayopita mtu. Ya kwenu naijua bila kuiona: imeandikwa "Karibu", na mtu mzima anaivuka kwa hatua moja bila kuikanyaga. Weka nje kapeti ya nyuzi ngumu ya kukwangua soli, ndani weka ya kunyonya maji, na urefu uwe wa kumfanya mgeni akanyage mara kadhaa kwa kila mguu. Zikung'utwe kila siku. Kapeti iliyoshiba mchanga inaugawa kwa anayefuata.

Cha tatu ni vitambaa. Vya maikrofaiba vilivyo bora vina nyuzi nyembamba kuliko unywele, vinabeba vumbi na alama za vidole kwa maji matupu. Sisi tunagawa kwa rangi kama wanavyofanya wengi duniani: nyekundu chooni, njano kwenye sinki za kunawia, bluu mezani, kijani jikoni. Anayeonekana na kitambaa chekundu kwenye kaunta ya chai ananunulia timu nzima soda. Msivifue kwa dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi. Wala kwa jiki, inazila. Ni plastiki, sikatai, na vikifuliwa vinamwaga vijinyuzi kwenye maji. Ndiyo maana nunua vizuri vidumu, na fueni mzigo ukijaa.

Sasa lile jani la kijani. Mtu yeyote mwenye printa anaweza kuchora jani. Mwulize msambazaji: nani amethibitisha? Alama zinazotolewa na mtu mwingine asiye mwenye dawa zipo na zinaheshimika: Blauer Engel ya Ujerumani ya tangu 1978, Swan ya nchi za Nordiki, Green Seal ya Marekani, ua la Ecolabel la Umoja wa Ulaya. Nembo ya TBS, shirika letu la viwango, ni muhimu, lakini inakuambia bidhaa imefikia kiwango cha ubora. Haikuambii samaki watasemaje. Omba pia karatasi ya usalama ya kila dawa, ile inayoeleza ina nini ndani na ufanye nini ikikurukia machoni. Msambazaji asiyekuwa nayo, muage salama.

Na usilinganishe bei ya dumu, linganisha bei ya ndoo. Dumu la lita 5 linalochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu 100 linakupa takriban lita 500 za kudekia. La lita 5 linalochanganywa moja kwa 20 linakupa kama 100. Hata la kwanza likiwa bei mara mbili, bado ni rahisi kwa mbali. Sharti moja tu: pawe na kikombe cha kupimia au pampu kwenye dumu. Mpiga deki akipimiwa na jicho, jicho humimina mara tatu, na hesabu yote inaishia kwenye mtaro.

Shikamoo Mama Deki. Nafanya usafi kwenye jengo la maduka. Msimamizi anatuambia tuchanganye jiki na ile dawa ya chooni yenye asidi ili "ikaze" na madoa yatoke haraka. Nikimaliza vyoo macho yanachuruzika na kifua kinabana mpaka usiku. Wenzangu wanasema nitazoea. Kweli nitazoea?
*Dada wa usafi, Kinondoni*

Marahaba mwanangu. Hutazoea, na usijaribu.

Jiki, au dawa yoyote ya klorini maana wengi tunaiita jiki hata chupa ikiwa na jina jingine, ikikutana na asidi inatoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo Wajerumani waliyowafungulia adui zao kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Wewe unafunguliwa ndani ya choo kisicho na dirisha. Kiasi ni kidogo, lakini mapafu hayajui kwamba hii ni kazi na ile ilikuwa vita. Siki ni asidi. Ndimu ni asidi. Unga ule wa kutoa magaga ni asidi. Vyote havikai ndoo moja na jiki, wala havifuatani kwenye bakuli lilelile kabla hujavuta maji ya kutosha. Na jiki ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za vioo na pia kwenye mkojo uliokaa, inatoa hewa nyingine isiyo rafiki. Ile harufu inayokupiga puani ukimwaga jiki kwenye choo cha kukojolea kabla ya kukisuuza, ndiyo hiyo.

Ikitokea tena mtu amechanganya, toka. Usirudi kuongeza maji, usirudi kuchukua ndoo. Fungua mlango ubaki wazi, wahi hewa ya nje, na kifua kisipotulia nenda hospitali ukaseme ulichovuta.

Mpe msimamizi wako ukurasa huu asome kipande hiki. Ndugu msimamizi, doa la njano la chooni ni magaga ya madini, na jiki haitoi magaga hata ukiyalaza nayo usiku mzima. Inayapausha tu, ukageuka yanarudi. Magaga yanatoka kwa asidi peke yake, ikiachwa muda ulioandikwa kwenye chupa, halafu brashi, halafu maji. Mara moja kwa wiki inatosha vyoo vingi. Siku nyingine zote ni sabuni na brashi.

Jiki nayo ina kazi yake, na kazi yake si kusafisha. Ni kuua vijidudu juu ya kitu ambacho tayari ni kisafi. Ikikuta uchafu inaishia kupigana na uchafu na vijidudu vinabaki vikitazama. Jiki ya asilimia 3.5, ukitaka ya kupangusia vitasa na vikalio vya choo, changanya kikombe 1 kwa vikombe 34 vya maji, inakupa asilimia 0.1. Penye damu au matapishi, baada ya kuondoa uchafu wenyewe, kikombe 1 kwa 6, inakupa asilimia 0.5. Maji yawe ya baridi. Sehemu ibaki na unyevu dakika kadhaa, maana wengi hupulizia na kufuta hapohapo, na hapo umempulizia kijidudu manukato. Iliyobaki kwenye ndoo jioni imwagwe, kesho haina nguvu. Kwa sakafu za korido na ofisi hamhitaji jiki kabisa. Hakuna anayelamba korido.

Kuhusu kifua: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka kama 20. Wanawake waliofanya kazi ya usafi mapafu yao yalishuka nguvu haraka kuliko ya wanawake wasiofanya usafi. Mimi nikisikia watu wanajadili usafi na mazingira wakaanza na bahari na matumbawe, huwa nawaomba waanze na kifua cha mtu aliyeshika brashi. Yeye ndiye mazingira ya kwanza ambayo dawa inafika.

Mwisho, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Glavu na miwani usinunue kwa mshahara wako. Asiposikia, ofisi za OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, zipo, na malalamiko yanapokelewa.

Mama Deki, nanunua sabuni ya maji ya dumu la lita 20 kwa akina mama wa mtaani kwetu. Ni nzito, ina povu la kufa mtu, na naona kununua kwa jirani ni bora kuliko chupa zilizosafirishwa kwa meli. Lakini sakafu za ofisi zinanata, na kesho yake nyayo zinaonekana. Wapiga deki ndio wabovu?
*Msimamizi wa usafi, Mbagala*

Wapiga deki hawana kosa. Kosa liko kwenye "nzito" na "povu la kufa mtu".

Nimekaa na watengeneza sabuni, nimeona mapishi. Uzito ule kwa kawaida unatokana na chumvi. Wanachanganya sulfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni) na magadi soda, wanaongeza slesi ya povu, halafu mwishoni wanatia chumvi kidogokidogo na mchanganyiko unaanza kuvutika kwenye mwiko. Mteja anaona nzito anadhani ina nguvu. Na povu halibebi uchafu, linamfurahisha anayetazama. Vyombo vinasuuzwa, nguo zinasuuzwa, lakini nani anasuuza sakafu ya ofisi? Sabuni inakauka palepale, inakuwa utando, utando unanata, unakamata vumbi la viatu, sakafu inaonekana chafu, mnaongeza sabuni.

Fanyeni hivi. Wikiendi moja dekini kwa maji matupu ya vuguvugu, mkibadilisha maji kila mara, mpaka ndoo iache kutoa povu. Mtashangaa ndoo za mwanzo zitakavyotoa povu wakati hamjatia tone la sabuni. Baada ya hapo, vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ya lita 10. Mtanung'unikiwa siku za mwanzo kwamba "hainukii". Vumilieni.

Ununuzi wa mtaani usiuache. Pesa inabaki Mbagala, na dumu linarudi kujazwa badala ya kutupwa, kitu ambacho zile chupa za jani la kijani hazifanyi. Ila mwambie mama wa sabuni mambo machache. Kwako asitie chumvi wala rangi, na manukato apunguze. Dumu liandikwe tarehe na vilivyomo. Dumu lisiwe lililowahi kubeba dawa ya mashambani, hata likioshwa mara ngapi. Halafu nunua vikaratasi vya kupimia ukali wa maji (pH), vinauzwa maduka ya vifaa vya maabara. Chovya kwenye ndoo ya kudekia, ikae karibu na 7 au 8. Ikiruka kwenda 10 na kuendelea, magadi yamezidi, na mikono ya wapiga deki wako ilishakuambia kabla ya karatasi. Akitaka kukua, aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamwelekeze njia ya kufika TBS.

Shikamoo mama. Jengo letu la ofisi lipo jirani na ziwa. Vyoo vya chini vinanuka hata vikiwa vimetoka kuoshwa. Tumeweka vidonge vyeupe vya kunukia, tumemwaga dawa kali sakafuni, tumenunua mashine ya kupulizia manukato ukutani. Sasa vinanuka harufu mbili.
*Mtunza jengo, Mwanza*

Marahaba baba. Hiyo ya harufu mbili imenichekesha, lakini umeieleza vizuri kuliko fundi.

Swali moja: vyoo hivyo vya chini vinatumika kila siku? Naweka dau havitumiki sana. Angalia kitundu cha sakafuni, kile chenye chujio. Chini yake kuna trapu, mkunjo wa bomba unaotakiwa kubaki na maji muda wote ili hewa ya shimo isipande. Sakafu isipomwagiwa maji siku kadhaa, na joto hili, maji ya trapu yanakauka, na hapo choo chako kinapumua moja kwa moja na shimo la majitaka. Unaweza kumwaga dawa ya duka zima, kesho kutwa ikikauka harufu imerudi. Chukua jagi la maji, mimina taratibu kwenye kila kitundu cha sakafu jengo zima, na kwenye sinki zisizotumika pia. Rudia kila Ijumaa. Kile kitundu cha kona ambacho hakitumiki kabisa, baada ya maji mimina kijiko cha mafuta ya kupikia. Yanaelea juu na kuzuia maji yasikauke upesi. Dawa yako ya harufu ni hiyo, na inatoka bombani.

Kama ni choo cha kukojolea ndicho kinachonuka, chanzo ni bakteria wanaovunja mkojo na kutoa amonia, na wanajificha kwenye magaga ya njano, hasa chini ya kile kichujio ambacho hakuna anayekinyanyua. Kinyanyue. Vaa glavu, tia unga wa asidi ya limau ulioyeyushwa kwenye maji, acha, sugua, suuza. Vile vidonge vyeupe toa. Kama ni vya nafthalini, ujue nafthalini iliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Haioshi kitu, inaziba pua tu. Mashine ya ukutani rudisha dukani kama bado wanapokea.

Na kama majitaka yenu yanaingia shimoni, ujue shimo la septiki linafanya kazi kwa bakteria. Mkilimwagia dawa kali kila siku mnaua wafanyakazi wenu wa chini ya ardhi, uchafu hauozi, shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya linakuja mara nyingi zaidi kwa pesa yenu.

Kwa kuwa mko Mwanza, soma pia lebo ya dawa zenu za kutoa mafuta na sabuni za unga, uepuke zenye fosfeti. Fosforasi ni mbolea. Ziwa Victoria limeshapewa mbolea ya kutosha na mashamba na majitaka ya miji yote inayolizunguka, na magugumaji yaliyoingia ziwani miaka ya 1980 mwishoni yanaipenda sana. Jengo moja halitaliokoa ziwa, lakini hakuna sababu ya kulipia kuyalisha magugu.

Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Tuna hoteli ndogo Mji Mkongwe. Mgeni mmoja ametushauri tuache kemikali, tutumie siki na ndimu kila pahala: mabomba ya bafu, sakafu ya marumaru ya ukumbini, na kuta zenye ukungu. Wasemaje?
*Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam. Mgeni kasema kweli theluthi moja. Mabomba ya bafu, ndiyo: maji yenu ya chumvichumvi yanaacha utando mweupe na ndimu inautoa vizuri. Funga kitambaa kilicholoa siki kwenye bomba, acha robo saa, suuza.

Marumaru, hapana. Nasema marumaru ya jiwe, si vigae. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti na asidi yoyote inalila. Tone la ndimu likikaa dakika chache linaacha alama iliyofifia, na hiyo si doa la kufutika, ni jiwe limepungua. Terazo vilevile. Tumia maji na sabuni kidogo isiyo kali.

Kuta, hapana kubwa zaidi. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yaani kalsiamu ileile. Mnamwagia siki urithi ulioandikwa na UNESCO mwaka 2000. Ukungu wa ukutani tafuteni kwanza maji yanapoingilia, mara nyingi ni bomba la paa au kiyoyozi kinachodondosha. Ukuta ukikauka, upigwe brashi kavu, na anayepiga avae barakoa, kisha mpake chokaa mpya kama wazee walivyokuwa wakifanya. Chokaa mbichi ni kali kwa ukungu, na inauacha ukuta upumue. Rangi ya plastiki mliyopaka juu yake, kama mmepaka, ndiyo iliyofungia unyevu ndani.

Na siki msiitegemee kuua vijidudu chooni. Haiwezi hivyo.

Mama, salamu kutoka Nairobi. Natunza jumba la ofisi. Mifuko ya taka inatumaliza kifedha tangu tuambiwe tununue inayooza. Nifanyeje?
*Msomaji, Westlands*

Pole ndugu yangu. Nyinyi mlipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, sisi tukafuata tarehe 1 Juni 2019, na Aprili 2024 NEMA, mamlaka yenu ya mazingira, ikaagiza taka zinazooza ziwekwe kwenye mifuko inayooza kabisa. Soma vizuri: taka zinazooza. Sasa pita leo jioni chini ya meza za ofisi zako. Kila meza ina pipa, kila pipa lina mfuko, kila mfuko una risiti moja na karatasi ya peremende. Mfanyakazi anafunga mfuko, anatupa, anaweka mpya. Unatupa mifuko, siyo taka.

Ondoa mapipa ya chini ya meza. Weka kituo kimoja kwa kila upande wa ghorofa: pipa la karatasi lisilo na mfuko, la chupa na makopo lisilo na mfuko, na la mabaki ya chakula lenye mfuko huo wa gharama. Mapipa makavu yanaoshwa kwa sabuni wiki kwa wiki. Wafanyakazi wa ofisi watalalamika kwamba wanatembezwa. Waache watembee, wamekaa toka asubuhi. Hakikisha tu mchukuaji wako wa taka hachanganyi yote kwenye lori moja, maana hilo nimeliona kwa macho yangu hapa kwetu na linavunja moyo wa timu kuliko kitu kingine chochote.

Mama Deki, sisi ni timu ya usafi ya jengo la ofisi, Upanga. Tunaingia saa 1 usiku hadi saa 5, taa na viyoyozi vya ghorofa zote vinawaka kwa ajili yetu watu sita. Mwenye jengo analia na bili ya umeme, sisi tunalia na usafiri wa usiku. Na maji yakikatika ndiyo basi kabisa. Una ushauri?
*Timu ya usiku*

Mwambieni awahamishie mchana. Nasema kwa uhakika kwa sababu kwetu tulihama na hakuna anayetaka kurudi. Asubuhi na mapema kabla ofisi hazijajaa mnapiga deki korido na lango, saa za kazi mnazunguka vyoo na jikoni, vyumba vya mikutano mnaingia vikiwa vitupu, na mashine zenye kelele mnaziwekea saa ya chakula cha mchana. Taa za usiku zinazimwa. Na kuna faida ambayo haiandikwi kwenye bili: mtu akishakujua kwa sura na kukusalimia asubuhi, hamwagi chai kwenye ngazi akaiacha. Vikwazo vipo. Lazima mtumie dawa zisizonuka wala kuwasha, maana watu wamo ndani, na hapo ndipo mwenye jengo atakapokubali kununua sabuni nyepesi ambayo mngemwomba miaka asikie. Alama za "sakafu ina maji" ziwe nyingi, na mnadeki nusu ya korido, nusu ibaki kavu ya kupitia.

Kuhusu maji: wote tunakumbuka mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wakatangaza ratiba. Sisi tuliokoka kwa dekio bapa za maikrofaiba. Mnalowesha vitambaa vyake asubuhi kwenye beseni moja, kila chumba kinapewa kitambaa chake, kikichafuka kinavuliwa kinaingia kwenye mfuko wa kufuliwa. Hakuna ndoo ya maji meusi inayozunguka ghorofa nzima ikihamisha choo kwenda ofisini. Kama bado mna dekio za nyuzi, wekeni ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kukamulia.

Halafu tokeni nje mtazame ukuta wa nyuma. Kila kiyoyozi kinadondosha maji kupitia kibomba chake, na kwa unyevu wa hewa ya Dar ndoo haichukui muda kujaa. Maji hayo hayana chumvi wala madini, yametoka hewani. Ndiyo maana yakifutwa kwenye kioo kwa mpira wa kufutia vioo hayaachi michirizi, na hamhitaji dawa ya vioo; tone moja la sabuni kwenye ndoo linatosha. Unganisheni vibomba viingie kwenye pipa lenye mfuniko, mtumie maji ya siku hiyohiyo kwa vioo, sakafu na kuvutia choo. Msiyatie kwenye chupa ya kupulizia, maana yanapita kwenye vumbi na ute wa ndani ya kiyoyozi, na kuvuta mvuke wake si jambo zuri. Mwandike pipa kwa herufi kubwa SI YA KUNYWA, na mliweke mbali na chumba cha walinzi. Wanayachemshia chai maji hayo.